Pampu Inayoita Mchana

Rungwa, 9 Septemba 2024

Shemeji Alphonce,

Shikamoo. Natumaini mguu unaendelea na hilo hogo la plasta halikuwashi sana. Mimi nipo tu.

Simu ya Peniel ilivunjika siku ile alipoanguka mtini na mzinga, na yangu haishiki mtandao mpaka nipande kichuguu cha nyuma ya zahanati. Nikifika juu nasahau nilichotaka kusema. Kwa hiyo naandika. Barua nampa Melkizedeki, kondakta wa basi la Mbeya kwenda Mwanza. Atakushushia Misigiri akipita.

Mama yenu amenitumia salamu kwamba atakuja kabla ya mvua kuangalia ninavyoishi. Najua maana yake. Wakati wa matanga ukoo ulisema mwanamke peke yake, tena asiye na mtoto, hawezi kukaa porini ndani ya gari. Waliniachia kwanza kwa sababu mizinga ilikuwa haijarinwa. Mama akiona nyumba haifai atanichukua nirudi naye Misigiri. Sitaki. Si kwa ubaya, shemeji. Peniel amelala hapa na mizinga iko hapa.

Tatizo ni sakafu. Hili gari-nyumba uliliona mara moja, mwaka ule wale wazungu walipomwachia Peniel baada ya injini kufa. Ulicheka ukasema mdogo wako amejipatia bafu lenye magurudumu. Sasa mbele ya sinki ubao unabonyea. Nikikanyaga, kidole gumba kinazama. Na tenki halikai na maji. Najaza jioni kwa madumu ya baiskeli, kesho yake limeshuka na sijafua hata kitambaa. Chini ya gari pakavu, ila nyuma, kwenye gurudumu la kushoto, ndipo pana unyevu kidogo.

Pampu usihangaike nayo, ni nzima. Inaunguruma yenyewe, hasa mchana nikiwa jikoni nje. Hiyo iache. Nataka kujua tu namna ya kukaza sakafu.

Wako,
Yustina


Misigiri, 16 Septemba 2024

Shemeji Yustina,

Marahaba sana. Mguu upo, haujaenda popote, ndiyo tatizo lake. Nimekaa kibarazani kama gunia la mtama linalosubiri mnunuzi. Kuku wamenizoea, wanapanda juu ya hogo. Fundi bomba mzima nimeangushwa na mnara wa tenki niliojenga mwenyewe! Naona watoto wa mama yule tuna ugomvi na kushuka.

Nisamehe. Nimeandika kabla sijafikiri, na karatasi ni hii hii moja.

Sasa sikiliza. Unaniambia niiache pampu, wakati pampu ndiyo shahidi wetu! Hiyo pampu ya gari-nyumba haifanyi kazi kama ile ya kisimani. Paipu zikishajaa na kukazana, inanyamaza. Ukifungua bomba, maji yanalegea kwenye paipu, inaamka kusukuma mengine. Kwa hiyo ikiunguruma na mabomba yote yamefungwa, jua maji yanatoka mahali. Hakuna mtu humo ndani anayefungua bomba, shemeji, ni tundu tu. Tena unashukuru linapiga kelele. Lingekuwa kwenye tenki lenyewe, pampu ingenyamaza kimya na wewe ungebaki kumlaumu jirani.

Usiguse sakafu kwanza. Ukipiga ubao mpya juu ya maji, utaoza kama ule wa zamani. Anza chini. Weka magogo mbele na nyuma ya matairi, na usiingie kamwe chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake. Utaona paipu hazionekani, kwa sababu wale jamaa hufunika tumbo lote la gari kwa bati au plastiki nyeusi. Hilo tumbo ndilo linalodanganya watu. Maji yakivuja mbele yanatambaa juu ya kifuniko, yanateremka hadi mahali palipoinama, ndipo yanadondoka. Wewe unaona unyevu kwenye gurudumu la nyuma, unasema tundu liko nyuma. Haliko. Huo ni mlango wa kutokea tu.

Toboa kifuniko pale kinaponing'inia, maji yaliyolala yatoke. Kisha fungua misumari ya pembeni, kishushe. Pangusa paipu zote kwa tambara mpaka zikauke, halafu zipake majivu makavu ya jikoni. Washa pampu, funga mabomba, subiri. Majivu yakilowa yanageuka meusi. Pale yanapogeukia juu kuliko pengine pote, ndipo penyewe. Mara nyingi ni kwenye viungo, barabara ile ya vumbi inavitikisa mpaka vinalegea, au ni paipu iliyosuguliwa na ukingo wa chuma.

Ukishaona, niandikie nikutumie klipu za kubania paipu na kiungo. Na uifungie baiskeli yako breki, nimesikia unashuka nayo ule mteremko na madumu manne.

Mama anaulizia kila siku basi la Rungwa. Namzuia kwa kumwambia joto.

Shemeji yako wa mguu mmoja,
Alphonce


Rungwa, 27 Septemba 2024

Shemeji Alphonce,

Shikamoo. Barua yako nimeipata. Kuhusu ule utani, si kitu. Niliusoma nikapita.

Nimeziba. Usitume klipu. Asante kwa maelekezo.

Hapa ni joto. Mito imekauka na nyasi zimeungua upande wa hifadhi. Nyuki wamejaa chini ya gari, nyuma ya gurudumu la kushoto. Wanaingia na kutoka kwenye nafasi ya kifuniko, hawamuumi mtu. Mama Klara jirani anasema ni nyuki wa Peniel wamekuja kuhani. Nimewazoea. Nakaa karibu nao nikichambua mboga.

Mwambie Mama hali ni nzuri.

Yustina


Misigiri, 5 Oktoba 2024

Shemeji,

Umenidanganya.

Sikuanza na salamu kwa sababu nina hasira, na mtu aliyekaa juu ya kiti kutwa hana pa kuzipeleka hasira zake. Nimemgombeza kuku. Hana kosa.

Mimi na Peniel tumelelewa chini ya mizinga. Baba alitutuma kutafuta maji ya kiangazi kwa kufuata nyuki, kabla hatujajua kusoma. Nyuki hawaji kuhani, shemeji! Kiangazi hiki chote, pori limekauka, nyuki anaruka mbali kutafuta tone moja la kupeleka nyumbani kwake. Kama wamejaa chini ya gari, basi maji yapo chini ya gari. Kama wanaingia ndani ya kifuniko, basi kifuniko hakijatoka mahali pake. Hukushusha kitu. Hukupaka hata majivu.

Mimi sitaki kujua ulichokuwa unafanya. Nasema uongo, nataka kujua. Ni kazi imekushinda? Sema imekushinda, sitakucheka, nitamtafuta fundi Itigi aje. Ni mwili hauna nguvu? Sema. Lakini usiniandikie nimeziba. Hiyo sakafu ikioza mpaka kwenye vyuma, utatumbukia. Na Mama akikanyaga pale mbele ya sinki, kwa uzito wake ule, mimi hapa sitakuwa na neno la kukutetea. Ataondoka na wewe basi la kesho yake. Nilishawaambia wajomba kwamba nyumba ya mdogo wangu ni imara na wewe unaimudu. Nimeapa mbele ya watu wazima.

Mama amekata shauri kuja mwisho wa Novemba, joto au si joto.

Niambie ukweli.

Alphonce


Rungwa, 14 Oktoba 2024

Shemeji Alphonce,

Shikamoo. Ni kweli. Sikushusha kitu.

Nguvu ninazo. Nilichukua tambara na majivu, nikalala chini ya gari, nikatazama ile plastiki nyeusi. Pampu ikaunguruma juu yangu. Nikatoka nikaenda kuosha vyombo.

Nitakueleza, halafu ufanye unavyoona.

Unajua mimi ni Mnyaturu wa Mtinko na ninyi ni Wanyiramba. Humu ndani mimi na Peniel tulisema Kiswahili, kwa sababu kila mmoja alikuwa anamcheka mwenzake akijaribu lugha ya kwao. Mwaka wa kwanza akitoka kwenye mizinga alikuwa anapiga hodi kwenye nyumba yake mwenyewe. Utani wake tu. Mimi niko nje jikoni, upande wa pili, najibu karibu. Baadaye akaacha kupiga hodi. Mikono ilikuwa inanata asali, kwa hiyo anaingia moja kwa moja anafungua bomba la sinki anaosha. Pampu inaunguruma. Mimi simwoni, nasikia pampu, nasema karibu. Ikawa ndiyo hodi yake. Miaka yote hiyo, kila mchana. Hatukuwahi kumwambia mtu, maana si jambo la kuambia mtu.

Mlipoondoka baada ya matanga nilikuwa nakoroga uji. Pampu ikaunguruma. Nikasema karibu, nikaendelea kukoroga. Sikushtuka. Uji ulipoiva nilijikuta nimepakua bakuli mbili. Moja nikaimimina kwa mbwa.

Sijarukwa na akili, shemeji. Najua hakuna mtu. Nilijua ni maji yanavuja hata kabla hujaniandikia, maana nateka mwenyewe na naona yanavyopungua. Lakini mchana inaita, mimi naitika, na siku inasogea. Ulipoandika kwamba hakuna mtu humo ndani, ni tundu tu, niliikunja barua nikaiweka chini ya godoro. Sikukasirika. Sikusikia chochote. Ndivyo nilivyo tangu siku ile. Pale kaburini watu walikuwa wananitazama wakisubiri nilie. Mimi nilikuwa nahesabu vifungo vya koti la mchungaji. Mpaka leo sijalia.

Nikiziba itakuwa kimya. Hilo tu.

Yustina


Misigiri, 23 Oktoba 2024

Shemeji Yustina,

Nimesoma barua yako nikaiweka. Nikaisoma tena. Kuku leo nimewafukuza, nilitaka kukaa peke yangu.

Niliandika neno baya na sikujua ni baya. Pole. Pole sana.

Mimi nami nikwambie kitu. Kwenye msiba wa Peniel nilikuwa napokea wageni, napanga viti, nagombana na waliochelewesha jeneza. Wote walisema Alphonce amejikaza. Nilipoanguka kutoka mnarani, mfupa ukitokeza, nililia kutwa nzima mpaka hospitali, nikaita Peniel, Peniel. Wauguzi wakadhani ni mguu. Ulikuwa mguu pia.

Sitakuamuru. Nilikuwa nimeandaa maneno makali ya kukuamuru, nimeyachana. Ninachokijua mimi ni mabomba, basi nitasema cha mabomba. Maji hayo hayatabaki yanaita. Tundu la leo linakua. Kwanza pampu itaunguruma mchana, baadaye kutwa bila kupumzika, halafu itaungua, maana hazikuumbwa kukesha. Kwa hiyo kimya kitakuja tu. Ukiziba, kitakuja nyumba ikiwa imesimama. Usipoziba, kitakuja wewe ukiwa Misigiri kwenye chumba cha uani.

Na nyuki usiwanyime. Ukikausha chini ya gari, wawekee karai la maji kivulini, utupie vijiti juu yake wasizame. Wahamishe taratibu, karai liwe tayari kabla hujaanza kazi. Kazi yenyewe ifanye alfajiri wakiwa bado wamelala.

Ndani ya bahasha hii kuna klipu, viungo viwili na kipande cha paipu. Ukivifunga, ni vyako. Usipovifunga, ni vyako vile vile.

Alphonce


Rungwa, 12 Novemba 2024

Shemeji Alphonce,

Shikamoo. Nimeziba. Safari hii ni kweli.

Nilianza na karai. Siku za mwanzo nyuki hawakulitaka, nikatia chumvi kidogo kama Peniel alivyokuwa anafanya, wakaja. Chini ya gari wakabaki wachache.

Nikaingia alfajiri. Nilitoboa kifuniko pale kinapoinama, maji yakatoka mengi kuliko nilivyofikiri, ya rangi ya chai, yana harufu ya majani yaliyooza. Yakanimwagikia kifuani. Nililala humo humo mpaka yakaisha, sikuona sababu ya kuhama. Kisha nikatoa misumari ya upande mmoja, nikakining'iniza kifuniko kwa kamba ya mzinga. Nikapangusa, nikapaka majivu, nikatoka nikawasha pampu.

Ulisema kweli. Nyuma palikuwa mlango wa kutokea. Majivu yaligeuka meusi mbele kabisa, chini ya sinki, pale paipu inapopita kwenye tundu la chuma kushuka. Ukingo wa chuma ulikuwa umeisugua miaka yote mpaka ikachanika kidogo, mchaniko mfupi kuliko ukucha. Pampu ikiwaka unafumuka ukungu mwembamba, haudondoki hata. Maji yote yale yalipita hapo.

Nilizima pampu, nikafungua mabomba maji yatulie. Nikakata kipande kilichosuguliwa, nikaingiza viungo na paipu yako, klipu mbili kila upande. Ule ukingo wa chuma nikauvika mpira wa tairi la baiskeli ili usirudie. Nikafunga mabomba, nikawasha. Pampu ikaunguruma ikajaza, halafu ikanyamaza.

Kifuniko nilikiacha wazi mpaka kila kitu kikakauka. Ubao uliooza niliukata kwa msumeno wa Peniel, nikaweka ule wa mninga aliokuwa ameutunza kwa ajili ya mfuniko wa mzinga. Umekaa kama uliotengenezewa hapo. Niliruka juu yake, haujabonyea.

Mchana sasa ni kimya. Nakaa jikoni, napika, nakula. Jana nilisema karibu kwa mazoea, na hakukuwa na kitu kilichoita. Mbwa akanitazama. Tenki linakaa na maji siku nyingi. Sijui nikuambie nini kingine. Ni kimya tu.

Mama anaweza kuja.

Yustina


Misigiri, 20 Novemba 2024

Shemeji,

Hongera! Mimi fundi wa miaka mingi, na sijawahi kuvika chuma mpira wa baiskeli. Nitaiba wazo hilo na sitakutaja.

Hogo limetolewa. Mguu umetoka mwembamba na mweupeupe, watoto wa jirani wameukimbia.

Mama anapanda basi Jumatatu. Kabeba ndoo ya karanga, kuku mmoja aliye hai, na khanga zake zote, kwa hiyo usiamini akikwambia anakaa kidogo. Habari za sakafu sikumwambia, aikanyage mwenyewe. Nimemwambia jambo moja tu, na si la sakafu. Utanisamehe au hutanisamehe.

Alphonce


Rungwa, 8 Desemba 2024

Shemeji Alphonce,

Shikamoo. Mama alifika salama, na kuku pia. Alipoingia hakuketi. Alikanyaga sakafu yote kuanzia mlangoni, pale mbele ya sinki akasimama na kujitikisa. Kisha akainama akachungulia chini ya gari, akapapasa kifuniko kwa kiganja, kikavu. Akasema kitu kwa Kinyiramba. Nilikielewa nusu. Nadhani alisema huyu anajenga. Jioni akanituma kwa Melkizedeki na ujumbe kwa wajomba, wasiulize tena habari za mimi kuhama. Bila shaka umeshausikia.

Unamjua Mama. Anasema Kinyiramba na watu, na mbuzi, na yule kuku. Kiswahili anasema na mganga wa zahanati tu, tena kwa kununa. Tunaishi kwa kuonyeshana vidole. Yeye amechukua jiko, mimi nimerudi kwenye mizinga. Mvua ya kwanza imenyesha, nyuki wameliacha karai wakarudi porini.

Juzi nilirina mzinga wa kwanza tangu Peniel. Nilirudi mchana, mikono inanata mpaka kwenye viwiko. Mama alikuwa jikoni nje, upande wa pili, anakoroga. Hakuniona. Niliingia moja kwa moja nikafungua bomba la sinki kwa kiwiko. Pampu ikaunguruma.

Nikasikia huko nje, kwa Kiswahili, "Karibu."

Nilisimama pale, mikono chini ya maji. Asali ilishatoka na mimi sijafunga bomba. Nililia, shemeji. Nililia kwa sauti, kama nilivyotakiwa kulia kaburini. Najua utanigombeza, nimemaliza maji ya tenki zima, na pampu haikupumzika. Mama hakuja ndani kunitazama. Aliendelea kukoroga uji wake, na kila baada ya kitambo, bila kugeuka, alisema tena, "Karibu."

Mimi shemeji yako,
Yustina